Milango ya ghala na chumba cha ubaridi Kigoma: shata, ya kuburuza au ya mota? Wenye uzoefu njooni

MzigoBandarini
Wakuu habari za mchana. Najenga ghala maeneo ya Kibirizi, la kupokea mzigo wa reli na malori ambao mwingi unavuka ziwa kwenda Kalemie na Uvira, mwingine unabaki hapa hapa mjini. Kuta zimefika kwenye linta, paa bado. Kuna milango mitatu inanitesa. Wa kwanza ni wa mbele wa lori, nimeacha uwazi wa mita 3.6 kwa 4. Wa pili uko nyuma upande wa ziwa, mita 3 kwa 3, huo ni wa foklifti na vijana wa kubeba. Wa tatu ni wa chumba cha ubaridi humo ndani, kuna mtu wa samaki anataka kukodi.

Nimeletewa makadirio matatu na kila fundi anamponda mwenzake. Mmoja anasema weka shata, zile za vipande vya bati vinavyojiviringisha kwenye rola juu, kila mahali kazi iishe. Mwingine anataka geti la chuma la kuburuza. Wa tatu yuko Dar kanitumia picha za milango ya vipande vipande inayopanda ikaenda kulala chini ya dari, ina mota na rimoti, ukiangalia tu unajiona bosi. Sitaki kununua picha. Nani kafunga kitu cha hivi huku kwetu na kinafanya kazi mpaka leo?

BinUjiji
Rimoti ya mlango na umeme wetu huu unaokatika bila hodi 😂 nunua na ngazi kabisa bosi

FundiShata_KG
Mkuu kabla ya shata au geti jibu kwanza nini kinapita hapo na kwa siku kinapita mara ngapi. Mafundi wengi tunaanza na kile tulichonacho dukani halafu tunakitafutia sababu, ndo maana umepata majibu matatu.

Huo mlango wa lori umeshakosewa kimo kabla hata hujanunua. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59, lile refu linafika 2.9. Liweke juu ya trela ambayo kitanda chake kiko mita 1.2 mpaka 1.5 toka chini, pale juu unakuta 4.1 mpaka 4.4. Wewe una uwazi wa mita 4. Sasa hapo weka na shata ambayo rola yake imekaa chini ya linta, inakula tena sentimita 40 au 50, unabaki na mlango wa Fuso. Upana hivyo hivyo, kontena lina mita 2.44 lakini lori haliingii kama barua kwenye bahasha, linaingia kwa kupinda, na dereva wa nje hajui kona za uwanja wako. Weka mita 4 kama linaingia moja kwa moja, kama linakatia kona toka barabarani weka hata 5. Kimo mita 4.6 mpaka 5, na rola ikae nyuma ya linta upande wa ndani, isikae ndani ya uwazi.

Na huo ukuta ni tofali gani? Kama ni zile bloku za matundu usiruhusu mtu apige bolti humo. Shata ya mita 4 kwa 4.5 ya bati la milimita 0.9 inakaribia kilo 180 mapazia peke yake, hapo hujaweka bomba la rola wala mota, na bomba lote limekaa kwenye mabano mawili tu. Mabano yanataka kolamu ya zege yenye nondo kila upande. Nimeona shata imeshuka na kipande cha ukuta.

MzigoBandarini
Aisee. Kolamu zipo kwenye kona za jengo tu, pembeni ya mlango hakuna. Na hiyo ya kimo hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyeisema, walikuja na futi wakapima uwazi wakaondoka.

FundiShata_KG
Watapima nini kama wanauza kwa mita ya mraba? Ukiwa na uwazi mdogo bei inashuka, wanashinda zabuni.

Mnyamwezi_Kaliua
Mwangaluka wakuu. Mimi niko upande wa Tabora, ghala la chama cha msingi, tumbaku na mahindi kidogo. Kwetu tuna mageti ya kuburuza na siyatukani kama watu wa shata wanavyotukana. Halina springi, halina mota, likigongwa fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea analinyoosha siku hiyo hiyo. Ila lining'inie JUU. Ule mtindo wa reli ya chini na magurudumu chini usikubali, vumbi la Tabora na mchanga wenu wa ufukweni vinajaa kwenye reli, kila asubuhi mtu na fagio na nondo anachokoa, mwishowe vijana wanalisukuma na foklifti na hapo ndo mwisho wa geti. Reli ya juu, magurudumu yenye beringi, chini unaweka kiongozi kidogo tu cha kulizuia lisipepee.

Ubaya wake ni mawili. Linataka ukuta mtupu pembeni wa upana ule ule wa mlango, yaani mlango wa mita 4 unataka mita 4 nyingine za kwenda kulala, hapo husimamishi paleti wala dirisha. La pili halizibi. Pembeni kunabaki upenyo, panya wanapita. Panya mtoto anapita kwenye tundu la milimita 6, hilo ni tundu ambalo hata kidole chako kidogo hakipiti.

Na kama mtafukiza ghala kwa vidonge vya fosifini upenyo ndo adui mkubwa. Gesi inatoroka, wadudu wanapata dozi nusu, wanaobaki hai wanazaa wadudu wanaozoea dawa. Sisi tunaziba kwa turubai na mikanda kila msimu, tunaweka tangazo la hatari na kufuli, hakuna mtu kuingia mpaka gesi iishe. Ni kazi. Kama ningekuwa naanza upya ghala la nafaka ningeweka geti la kuburuza lenye raba kila upande na lenye kubana ukutani mwisho wa safari yake.

DadaMigebuka
Kaka mzigo, mimi ni wa samaki, nimekodi vyumba vya ubaridi vya watu zaidi ya kimoja kwa hiyo nakwambia kama mpangaji. Mlango wa chumba cha ubaridi usimpe fundi geti hata kama ni ndugu yako. Huo ni mlango wa paneli zenye povu ndani, unene wa sentimita 10 kwenda juu kwa chumba cha kugandisha, na unakuja pamoja na fremu yake toka kiwandani. Angalia haya: raba ya pembeni iwe ya kubadilishika siyo iliyogundishwa. Kama ni cha kugandisha, nyuzi 18 chini ya sifuri, fremu iwe na waya wa kupasha joto, bila huo waya raba inaganda na fremu, kijana anavuta kwa nguvu raba inachanika, kuanzia hapo unalipia umeme wa kupoza Kigoma nzima. Chumba cha kugandisha kiwe pia na kile kijitundu cha kusawazisha hewa, maana hewa ya moto ikiingia halafu ikapoa ghafla ndani panavuta, mlango hauvutiki.

Na LAZIMA kuwe na kishikio cha kufungulia ndani hata kama nje kumepigwa kufuli. Nimeona vyumba ambavyo hakuna, mtu akifungiwa humo ni maiti. Mimi nikikuta hakuna sikodi.

Halafu weka lile pazia la vipande vya plastiki nyuma ya mlango. Ni rahisi, na ndo linaokoa ubaridi wakati vijana wanapakia, kwa sababu hata uweke mlango wa dhahabu vijana watauacha wazi wakati wa kupakia.

BinUjiji
dada hapo kwenye kuacha wazi umemaliza yote, vijana wetu mlango uliofungwa wanauona kama dharau

Kijana_Spana
Mimi ni wa umeme. Nitetee mota kidogo maana uzi umeanza kuwa wa mageti ya babu. Mota siyo anasa kama mlango ni mkubwa. Shata ya kusukuma kwa mkono inafaa kwenye fremu ya duka, upana wa mita 3 hivi, zaidi ya hapo springi haibebi vizuri na mtu anaumia mgongo. Ikizidi hapo unaenda kwenye mnyororo wa gia, mtu mmoja anavuta taratibu, haina umeme. Ikizidi tena, au kama unafungua mara nyingi, ndo mota.

Kuhusu kukatika umeme: kila mota ya shata ya maana ina mnyororo wa dharura pembeni, umeme ukikatika unavuta kwa mkono. Ukiona mota haina huo mnyororo irudishe dukani. Kinachoua mota huku siyo kukatika, ni umeme kurudi kwa kurukaruka na volti kushuka jioni. Weka breka ya umeme (ile swichi ya kukata umeme ukizidi) yake peke yake, weka kinga ya volti, usiunganishe kwenye laini ya mashine ya kuchomelea. Kama eneo lako lina fazi tatu chukua mota ya fazi tatu kwa ule mlango mkubwa, inavumilia zaidi. Za fazi moja nyingi zina kinga ya joto ndani, ukifungua na kufunga mfululizo inajizima, watu wanaita fundi anakuja anakula hela ya bure wakati ilikuwa inataka kupoa tu.

Kitu kingine, mlango wa mota unaojifunga wenyewe bila mtu kuushikilia swichi lazima uwe na jicho la pembeni linaloona mtu au kitu kikipita na raba ya usalama chini inayosimamisha mlango ukigusa kitu. Wazungu wana kiwango chao kabisa cha usalama wa milango ya mota, EN 12453, na kile cha milango ya viwandani kwa ujumla ni EN 13241. Muuzaji akikwambia mlango wake ni wa Ulaya muombe karatasi zenye namba hizo. Kama hana jicho wala raba basi swichi iwe ya kushikilia, ukiachia inasimama, na anayeshikilia awe anauona mlango. Rimoti achana nayo kwenye ghala, mtu anabonyeza yuko ofisini anakunywa chai huku kijana yuko chini ya mlango.

Mnyamwezi_Kaliua
mageti ya babu ndo yanalinda tumbaku yako kijana 😄

MzigoBandarini
Hahaha. Sasa ile ya vipande ya yule jamaa wa Dar mnasemaje? Yeye anasema ndo inazuia joto na vumbi na ni ya kisasa. Na upande wa ziwa upepo je? Kuna fundi kaniambia shata inapeperuka kama khanga, na mwingine kaniambia ziwa litaila kwa kutu ndani ya muda mfupi.

FundiShata_KG
Twende moja moja.

Ya vipande ni mlango mzuri, siwezi kudanganya. Unaziba vizuri kuliko shata, una povu ndani, na haunyanyuki kwa shida kwa sababu springi ndo zinabeba uzito. Shida iko hapo hapo kwenye springi. Springi za kawaida zinapigiwa hesabu ya mizunguko 10,000, kufungua na kufunga ni mzunguko mmoja. Ghala lenye shughuli linafungua mara 20 kwa siku, hiyo ni siku 500, mwaka mmoja na miezi kadhaa springi inakatika mlango unabaki chini kama jiwe na mzigo uko ndani meli inasubiri. Unaweza kuagiza springi za mizunguko 25,000 au zaidi, bei inaongezeka kidogo tu, lakini lazima uiandike kwenye oda, wasipoambiwa wanaleta za kawaida. Na springi ya akiba ije na mlango kwenye lori moja, usisubiri ikatike ndo uanze kupiga simu Dar, reli toka huko ni zaidi ya kilomita 1,200.

Halafu hiyo springi asiiguse mtu asiyejifunza. Imekazwa, ukilegeza bolti bila vyuma vyake inazunguka na kile chuma ulichoshika, inavunja mkono, inaua. Uliza huyo wa Dar nani ataihudumia akiwa amesharudi kwao. Kama jibu ni "tutakuja" bila jina la fundi wa hapa basi kaa mbali. Kwa ghala lisilo na kiyoyozi kuzuia joto mlangoni wakati paa lako ni bati tupu, mi sioni mantiki yake.

Upepo. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unasukuma karibu kilo 48 kwa kila mita ya mraba. Mlango wako wa nyuma una mita za mraba 9, hizo ni kilo 430 hivi zinaegemea shata. Kama bati ni jembamba na reli za pembeni ni fupi, mapazia yanapinda katikati yanachomoka kwenye reli, ndo hiyo khanga aliyoisema. Dawa yake inajulikana: reli za pembeni ziwe na kina, mapazia yawe na vizuizi vya mwisho ambavyo vinajifunga ndani ya reli, na bati lisipungue milimita 0.9 hapo nyuma, 1.2 ni bora. Mkienda kununua msidanganywe na geji, namba ikiwa KUBWA bati ni JEMBAMBA, geji 24 ni nyembamba kuliko geji 20. Beba kipimo cha unene upime mwenyewe kabla halijapakwa rangi.

Kutu. Ziwa letu maji yake ni baridi siyo chumvi, hii siyo Tanga. Kinachokula chuma hapa ni unyevu, na chumvi ya binadamu: dagaa wa chumvi, magunia ya chumvi ya Uvinza, maji ya kuoshea samaki yanayotiririka mpaka mlangoni. Kwa hiyo vipande vya chini ndo vinaanza. Chukua bati lililopakwa zinki, uliza zinki ni gramu ngapi, Z275 maana yake gramu 275 kwa mita ya mraba ukijumlisha pande zote mbili, ukipata hiyo uko pazuri. Na fundi akichomelea chochote juu ya bati la zinki, pale alipochomelea zinki imeungua, apake rangi ya zinki siku hiyo hiyo asisubiri kesho.

DadaMigebuka
Naongezea kwenye maji. Sakafu ya nje iwe chini ya ya ndani hata sentimita 2 au 3 na imwage kwenda nje. Mvua za hapa zikipiga upande wa ziwa maji yanaingia chini ya mlango wowote, hakuna raba inayoyazuia kama sakafu inayakaribisha.

Kijana_Mhasibu_Gungu
Samahani wakuu nimeingia katikati. Shata zote zikiwa chini na moto ukatokea, wa ndani wanatokaje?

FundiShata_KG
Swali la maana kuliko yote humu, na hakuna anayelipia. Shata siyo mlango wa dharura, andika hivyo kwenye mchoro. Unaweka mlango wa mtu pembeni, upana usipungue sentimita 90, unaofunguka KWENDA NJE, komeo linafunguka toka ndani bila ufunguo. Ghala refu weka miwili pande tofauti. Zimamoto wana sheria yao ya 2007 na wanakuja kukagua, OSHA, wale wa usalama na afya mahali pa kazi, nao wana ya 2003 na sehemu ya kazi inatakiwa isajiliwe kwao, sasa ni bora uwaite wakati ukuta bado ni tofali kuliko waje uvunje plasta.

BinUjiji
na huo mlango wa dharura usipange magunia mbele yake, najua mtapanga tu

MzigoBandarini
Nimeelewa. Sasa kufunga kwenyewe, nikisimama pale site naangalia nini? Mimi siyo fundi. Na ofisi ya mbele mke wangu anataka kioo.

FundiShata_KG
Kioo sema cha kuimarishwa kwa moto (tempered), kikipasuka kinakuwa punje punje hakichinji mtu. Ila kikishatoka kwenye tanuru hakikatwi tena wala kutobolewa, kwa hiyo vipimo na matundu ya bawaba viende sahihi toka mwanzo, ukikosea sentimita moja umenunua meza. Kwa hiyo fremu isimame kwanza, ndo upime kioo.

Hiyo ndo kanuni ya milango yote. Usipime mlango kabla sakafu ya mwisho haijamwagwa na plasta haijapigwa. Watu wanapima kwenye kifusi halafu sakafu inapanda sentimita 5.

Siku ya kufunga pima kona kwa kona, mishazari yote miwili iwe sawa, ikitofautiana uwazi wako umelala. Reli za pembeni zipimwe kwa timazi pande zote mbili, mbele na ubavuni, na rola juu kwa pima maji. Rola ikiinama kidogo tu mapazia yanasogea upande mmoja, yanakwaruza, baada ya muda yanakatika masikio, zile ncha zinazoingia kwenye reli. Kisha mwambie fundi afungue na kufunga mara nyingi mbele yako bila kusimama, usikilize. Kelele ya kukwaruza siyo "itazoea".

Reli usipake grisi nzito, inashika vumbi inakuwa msasa. Dawa ya silikoni inatosha. Na pembeni ya kila reli simika nguzo fupi ya bomba iliyojazwa zege, ipake njano. Foklifti italigonga hilo bomba badala ya reli. Ni hela ndogo kuliko kitu chochote kwenye uzi huu na ndo ya kwanza kukatwa kwenye makadirio.

Mnyamwezi_Kaliua
Na hela ya mwisho usitoe siku ya kufunga. Bakiza sehemu mpaka mvua ya kwanza kubwa ipige. Makadirio yaandikwe unene wa bati, zinki, aina ya mota, springi za mizunguko mingapi, nani anahudumia. Risiti ya EFD chukua, siku ya ugomvi ndo ushahidi wako.

MzigoBandarini
Wakuu nimekaa na injinia wangu jioni hii. Mbele tunavunja linta, tunapandisha mpaka mita 4.8 kwa upana wa 4.5, kolamu mpya mbili, shata ya mota ya fazi tatu yenye mnyororo. Nyuma upande wa ziwa shata ya mnyororo wa gia bila mota, bati la 1.2, ina vizuizi vya upepo, na kolamu mpya mbili nyingine huko. Milango ya watu miwili. Chumba cha ubaridi dada ntakufata inbox unipe maelezo ya huyo aliyefunga unachokipenda. Wa Dar nimemwambia asante. Kuna kitu nimesahau kabla hawajaanza kuvunja?

Kijana_Spana
Laza bomba la waya ndani ya kolamu zote NNE kabla ya zege, mbele na nyuma, kuanzia kwenye rola mpaka usawa wa swichi. Huko nyuma unasema hutaki mota leo, mwakani utataka, na mimi sitaki kuja kuchimba kolamu yenye nondo.

FundiShata_KG
Na ile linta ya zamani wakiitoa wasiidondoshe kwenye sakafu.